Bata Bukini wa Kisiwa cha Islay



Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nina cheti tu, sina digrii. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini kwa pikipiki na kuyaangalia madarasa ya kisomo. Huenda tumekwisha kuonana chini ya mwembe, wewe ukiwa na daftari lako, mimi nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Leo nataka kukueleza habari za ndege niliowaona mbali sana na kwetu. Sikwenda huko kuangalia ndege. Nilikwenda kusoma. Tena nikuambie ukweli tangu mwanzo: mimi sikuwa mtu wa kupenda ndege. Nitakueleza kwa nini.

Mwaka 2019 nilipata nafasi ya mafunzo ya majuma kumi katika mji wa Glasgow. Mji huo uko Uskoti, sehemu ya kaskazini ya Uingereza. Katika darasa letu alikuwamo mama mmoja, mwalimu wa watu wazima kama mimi. Mwishoni mwa Novemba tulipewa mapumziko ya siku tano. Mama yule akaniambia, "Usikae peke yako mjini. Twende kwa kaka yangu kisiwani. Yeye ni mkulima."

Kisiwa chenyewe kinaitwa Islay. Wenyeji hutamka "Aila". Kiko upande wa magharibi wa Uskoti, katika bahari ya Atlantiki. Tulipanda basi mpaka bandari ndogo inayoitwa Kennacraig, kisha tukapanda meli. Safari ya meli ilichukua saa mbili na zaidi kidogo. Bahari ilichafuka. Mimi mtu wa Dodoma, bahari nimeijulia ukubwani. Sitasimulia zaidi juu ya safari hiyo.

Watu wa kisiwa kile ni kama elfu tatu tu. Miti ni michache. Upepo hauna mwisho. Wakati wa baridi siku ni fupi mno. Nilipokuwa huko jua lilichomoza baada ya saa mbili asubuhi, na ilipofika saa kumi jioni lilikuwa linatua. Mchana ni kipande tu. Lakini jambo moja lilinishangaza. Nilitegemea kuona theluji kila mahali, nikaona majani mabichi. Maji ya bahari inayozunguka kisiwa kile yana uvuguvugu kidogo, kwa sababu mkondo wake unatoka kusini kwenye joto. Kwa hiyo theluji haikai sana, na nyasi haifi. Kumbuka neno hilo, nyasi. Habari yote niliyo nayo inasimama juu ya nyasi.

Kaka wa yule mama ni mzee wa miaka sabini hivi. Anafuga kondoo na ng'ombe. Ana maneno machache, na kofia yake haitoki kichwani hata mezani. Asubuhi ya kwanza aliniamsha kukiwa bado giza. Alinipa koti lake zito, viatu vya mpira, na darubini ya kuvaa shingoni. Tukapanda gari lake kuukuu mpaka mahali panapoitwa Loch Gruinart. Hapo ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu. Maji yakitoka, hubaki tope pana. Mzee alizima gari, akafungua kioo kidogo. Akasema, "Sikiliza."

Nilisikia kama mbwa wadogo wengi wanabweka kwa mbali. Si kumi, si mia. Maelfu. Sauti ilitoka kwenye giza lile lile, chini, kwenye tope. Kulipoanza kupambazuka niliona kwamba tope lote lilikuwa jeusi kwa ndege. Kisha, bila mtu kuwaambia, sehemu moja ikainuka. Halafu nyingine. Halafu zote. Walipita juu ya gari letu kwa mistari mirefu iliyopinda, na gari likawa kama limeingia chini ya daraja. Sikusikia tena maneno ya mzee, ingawa alikuwa kando yangu.

Ndege hao ni bata bukini. Wale waliokuwa wengi wana uso mweupe, shingo nyeusi, na mgongo wa kijivu wenye mistari. Uzito wa mmoja ni kilo mbili hivi, hata kasoro. Hawakai Islay mwaka mzima. Wanazaa katika nchi ya Greenland, nchi ya barafu iliyo mbali kaskazini, safari ya kilomita zipatazo elfu mbili. Wanatua Islay mwezi wa Oktoba, wanaondoka Aprili. Huko kwao hutaga mayai juu ya majabali marefu, ili mbweha wa barafu wasiyafikie. Lakini juu ya jabali hakuna majani ya kutosha kula. Basi vifaranga wakiwa na umri wa siku chache tu, kabla hawajaota mabawa, huruka kutoka juu kumfuata mama aliye chini. Wengine hufa. Wanaobaki huandamana na wazazi wao mpaka Islay. Mzee alinionyesha jamaa moja kondeni: baba, mama na watoto wawili, wanakula pamoja, na mmoja ameinua shingo akilinda.

Nilipowaona wakitua juu ya majani, ndugu msomaji, mkono wangu ulitafuta jiwe. Sikutania. Mkono wenyewe ulitafuta.

Nimekulia kwenye ulingo. Kwetu tulilima uwele na mtama. Tangu nafaka inapoanza kutia maziwa mpaka inapokauka, mimi na dada zangu tulikaa juu ya ulingo na kombeo, tukiwafukuza kwelea kwelea. Shule nilikwenda nikiwa nimechoka. Mwaka mmoja mama aliugua, tukampeleka zahanati, tukaliacha shamba siku mbili tu. Tuliporudi masuke yalikuwa yamesimama matupu, kama fagio. Mama alikwenda kueleza hasara yake katika ofisi moja. Wakamwuliza: shamba ekari ngapi? Ndege walikuwa wangapi? Walikuja tarehe gani? Mama hakuwa na jibu la kuandika. Alisema, "Walikuwa wengi." Wakacheka kidogo. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Mwaka huo tulikula viazi vya kuombea.

Kwa hiyo nilimwuliza mzee swali langu la kwanza. "Bwana, hawa wanakula nini hapa?"

Akajibu, "Wananila mimi."

Kisha akanieleza. Mkulima wa kule hapandi mtama. Hupanda nyasi nzuri na kuitia mbolea, kwa ajili ya kondoo na ng'ombe. Bukini naye ameona kwamba nyasi hiyo ni tamu kuliko majani ya porini. Hasara kubwa huonekana mwezi wa Machi na Aprili. Wakati huo kondoo wanazaa, na mama mwenye mtoto anahitaji majani mabichi ili apate maziwa. Lakini majani yale ya kwanza yamekwisha kuliwa. Mkulima hulazimika kununua chakula cha mifugo kinacholetwa kwa meli.

Zamani bukini hawa hawakuwa wengi. Mwaka 1959 hesabu ya bukini wote wa uso mweupe wanaozaa Greenland ilikuwa kama 8,000. Watu walikuwa wakiwapiga risasi. Baadaye ikaja sheria ya kuwalinda, na nyasi nayo ikazidi kustawi kwa mbolea. Mwaka 2013 walihesabiwa wakawa kama 80,000, na nusu yao hivi walikaa katika kisiwa hicho kimoja. Watu elfu tatu, bukini elfu arobaini. Piga hesabu mwenyewe kila mtu alikuwa na bukini wangapi.

Sasa hapa ndipo nilipopata kitu cha kuandika katika daftari langu. Tangu miaka ya 1990 serikali ya kule huwalipa wakulima wa Islay kwa nyasi inayoliwa na bukini. Si kwa maneno. Ni kwa hesabu. Katika siku zilizopangwa, wahesabuji huzunguka kisiwa kizima kwa magari, kila mmoja na eneo lake, wakaandika bukini wangapi wako katika shamba gani. Huhesabu wakiwa ndani ya gari, maana bukini hawajali sana gari, lakini wakiona mtu anatembea kwa miguu huruka. Fedha hufuata hesabu hiyo. Mzee alisema haitoshi. Sijapata kumwona mkulima wa nchi yoyote aliyesema malipo yanatosha, lakini nilimwamini.

Mzee mwenyewe ana daftari lake. Alilirithi wazo hilo kwa baba yake. Kila juma huandika tarehe, jina la konde, saa, na idadi. Alinipa nafasi nijaribu. Niliangalia kwa darubini konde la kaskazini, nikahesabu moja moja mpaka macho yakaanza kutoa machozi kwa baridi. Bukini walikuwa wanatembea na kupishana. Nikasema, "Mia nne." Mzee akatikisa kichwa. Akasema, "Elfu moja mia moja na hamsini."

Nilidhani ananitania. Basi akanifundisha. Huhesabu mmoja mmoja. Unahesabu kumi kwanza, kwa uangalifu. Unaangalia hao kumi wamechukua nafasi kiasi gani. Kisha unaipima nafasi ile ile juu ya kundi, kumi, ishirini, thelathini, mpaka mia. Halafu unachukua nafasi ya mia na kuipima tena mpaka mwisho wa kundi. Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu nilipata 1,090. Mzee akasema, "Sasa umeanza kuona." Nami nilimkumbuka mama aliyesema "walikuwa wengi". Nilitamani mtu angemfundisha kipimo kile wakati ule. Si kwamba angelipwa. Hata leo Tanzania ina kanuni za mwaka 2011 za kutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali kama tembo, lakini kwelea kwelea hawamo. Ila wasingecheka.

Jioni hiyo, tukiota moto, yule mama mwalimu alinisimulia jambo lililonichekesha. Zamani watu wa Ulaya hawakuwahi kuona kiota cha bukini huyu wala kifaranga chake, kwa sababu anazaa mbali. Wakaona pwani magogo yaliyoletwa na bahari, yamegandwa na viumbe wadogo weupe wa baharini wenye kitu kama manyoya. Wakasema, "Ahaa, bukini anazaliwa hapa, ndani ya gogo!" Padri mmoja aliyeitwa Gerald wa Wales aliandika hivyo katika kitabu chake katika karne ya 12. Wengine wakafurahi sana, maana kama bukini ametoka baharini basi si nyama, na mtu anaweza kumla siku za kufunga. Katika karne iliyofuata mfalme Frederick wa Pili, aliyependa sana ndege, aliagiza magogo hayo yaletwe mbele yake. Akayachunguza kwa macho yake. Hakuona ndege humo. Lakini habari ya gogo iliendelea kuaminiwa kwa miaka mingi, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa. Niliwasimulia wanakisomo wangu jambo hili niliporudi. Mzee mmoja akasema, "Kumbe na vitabu huongopa!" Tukazungumza juu ya hilo kipindi kizima, na hesabu za kutoa hatukuzifanya.

Siku ya pili na ya tatu tulitembea. Niliona mambo mengi, nami sitaweza kuyasema yote. Niliona sili wamelala juu ya mawe kama magunia. Niliona fisi maji akila kaa ufukoni, anamtafuna kwa sauti. Niliona bata maji wakubwa weupe wenye shingo ndefu, waliotoka nchi ya Iceland. Niliona tai wa bahari, mwenye mabawa mapana kama mlango. Tai huyo aliwahi kwisha kabisa Uingereza. Wa mwisho alikufa mwaka 1918. Kuanzia mwaka 1975 vifaranga vililetwa kutoka Norway, vikafunguliwa katika kisiwa kingine kinachoitwa Rum, na sasa wapo tena.

Aliyenipendeza zaidi ni kunguru mmoja mwenye mdomo mwekundu na miguu myekundu. Uskoti nzima amebaki karibu Islay tu. Chakula chake ni wadudu, na wengi huwapata katika mavi ya ng'ombe. Ng'ombe wakiondoka, kunguru huyo naye kwisha habari yake. Kwa hiyo wale wanaolinda ndege wanamhitaji mfugaji. Chama kikubwa cha kulinda ndege kilinunua shamba pale Loch Gruinart mwaka 1984, na chenyewe kinafuga ng'ombe.

Kuna ndege mwingine ambaye sikumwona kwa sababu hakuwepo. Ni ndege wa nyasini, rangi ya kahawia, mkubwa kidogo kuliko kware. Sauti yake ni kama mtu anayekwaruza meno ya kitana. Wakati wa joto anazaa Islay na visiwa vya jirani. Baridi ikianza huruka kuja Afrika, mpaka Kongo na nchi za mashariki na kusini. Mimi nilikuwa kwake, naye alikuwa huku kwetu.

Asubuhi ya nne nilisikia bunduki.

Nilitoka nje. Mbali, upande wa pili wa kilima, bukini walikuwa wanazunguka angani wakipiga kelele. Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Akanieleza kwamba mwaka 2014 ulitolewa mpango wa miaka kumi wa kupunguza hasara. Ndani ya mpango huo, wapigaji walioajiriwa walikuwa wakiwaua baadhi ya bukini wa uso mweupe kila mwaka, na kuwafukuza wengine. Vyama vya kulinda ndege viliupinga. Shida yenyewe ni hii: katika kundi lile lile wamo bukini wa aina nyingine, wenye paji jeupe na tumbo lenye michirizi myeusi. Hao nao hutoka Greenland, lakini wanapungua. Mwaka 1999 walikuwa zaidi ya 35,000 duniani kote. Siku hizi ni pungufu sana ya hapo. Wataalamu wanasema theluji huko Greenland imekuwa ikichelewa kuyeyuka, nao hawazai vizuri. Hawa hawaruhusiwi kupigwa. Lakini bunduki ikilia wote huruka, anayeruhusiwa na asiyeruhusiwa, na ndege anayeruka anapoteza nguvu alizokula.

Nilimwuliza mzee anaonaje. Mimi nilidhani atafurahi. Mtoto wa ulingoni ndani yangu alikuwa anafurahi, sitakuficha. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Mimi ndiye niliyekwenda mikutanoni kuomba wapunguzwe. Ningeomba tena. Lakini siendi kutazama." Akaingia ndani.

Mkewe alikuwa jikoni akikanda mkate. Alisubiri mpaka mumewe alipotoka kwenda kwa ng'ombe. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kila Oktoba, usiku, mzee hutoka nje na kusimama uani bila kofia, akisikiliza. Bukini wa kwanza wakipita juu, hata kama ni usiku wa manane, humpigia simu nduguye aliye upande wa pili wa kisiwa. Husema neno moja tu, "Wamefika." Kesho yake huanza kulalamika.

Siku ya kuondoka, mzee alinipitisha tena konde la kaskazini. Alinipa daftari na penseli. Nilihesabu kumi, nikapima mia, nikaenda mpaka ukingoni mwa ukuta wa mawe. Niliandika tarehe, saa, na 870. Mzee aliangalia kwa darubini. Hakubadilisha kitu. Chini ya namba yangu alitia alama yake.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia mama yote haya. Mama alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa kama lako. Kwa sasa macho yamemchoka, lakini masikio bado makali. Alisikiliza habari ya malipo mara mbili. Alitaka nirudie pale penye daftari. Alicheka niliposema mzee hutoka nje usiku kuwasikiliza wezi wake. Kisha akatulia, akachukua ungo wake, akaendelea kupeta.

"Basi mwandikie barua huyo mzee," akasema. "Mwambie hata mimi, kwelea kwelea wangu wangekuja mara moja kwa mwaka, tena kwa tarehe, tena serikali ikawalipia, ningewapikia uji."